Bei ya Mwanamke Anayeanika Nguo

Jumatatu, 4 Machi

Shajara hii nimepewa na wifi yangu. Alisema ni zawadi tu, lakini namjua vizuri dada wa mume wangu: hatoi kitu bila kukifungia ujumbe ndani. Wiki iliyopita nilimkabidhi mteja gauni la mwenzake, wakatupiana maneno hapa mlangoni, naye wifi yupo, amekaa, anakula karanga. Kwa hiyo anataka niandike miadi ya wateja nisiwachanganye tena. Basi nitaandika nipendavyo. Mvua imeanza leo asubuhi.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimemaliza mashati ya walinzi. Mama mkwe amefumua kola mbili, akasema zinacheka.

Jumamosi, 9 Machi

Paa limetusaliti. Usiku kucha lilikuwa likidondosha juu ya kitanda cha Mama mkwe, naye hakumwamsha mtu. Asubuhi tulimkuta amejikunyata upande mmoja wa godoro, beseni limekaa upande wa pili kama mume. Nilipomuuliza kwa nini hakuita, alisema hajazoea kupiga kelele kwa ajili ya maji.

Mume wangu ni fundi wa friji, na kwa sababu hiyo anaamini kila kitu kinachovuja ni jamaa yake. Akapanda juu na kipande cha plastiki na mawe. Alishuka amelowa, amechubuka goti, akatangaza kwamba mabati ya upande ule yamekwisha, yote, na kuyaziba ni sawa na kushona kitambaa kilichooza. Hapo nilimwelewa.

Tumemhamishia Mama kwenye chumba cha mbele, chumba cha kushonea, kwa sababu pasi inakifanya kiwe kikavu kuliko nyumba nzima. Analala kati ya meza ya kukatia na kile kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Ni mashoto, na mkasi wake ulitengenezwa kwa watu wa mkono wa kushoto. Ukiushika kwa mkono wa kulia unatafuna kitambaa badala ya kukikata. Siku yangu ya pili kama mkwe humu ndani niliushika. Bado hajasahau.

Maji yameanza pia kuchuruzika kwenye ukuta wa sebuleni, pale ilipo picha.

Jumapili, 10 Machi

Wifi amekuja kula. Maongezi yote yalikuwa ya picha: itolewe ukutani au isitolewe.

Nilipoolewa niliikuta hapo hapo. Ni picha ya kuchapwa, ya zamani, wino mweusi na kijani na wekundu wa matofali, ndani ya fremu nzito. Ua wa nyumba fulani, ngazi upande wa kulia, mti, bomba la maji na pipa, paka kwenye ngazi ya mwisho. Katikati kuna mwanamke amenyoosha mkono anaanika nguo kambani. Uso wake hauonekani vizuri, ni mikato michache tu. Kifuani ana mkufu wa shanga kubwa. Kusema kweli sikuwahi kuipenda wala kuichukia. Ilikuwa sehemu ya ukuta.

Lakini tangu baba mkwe afariki, hakuna aliyethubutu kuigusa. Mama mwenyewe haipanguzi vumbi. Anapanguza ukuta, akifika kwenye fremu anazunguka. Mimi nilielewa kwamba hayo ni mapenzi. Mume wangu alielewa hivyo, na wifi pia. Mwaka ule tulipopaka rangi sebule, mpaka rangi alipaka kuzunguka fremu, na hadi leo nyuma yake kuna mraba wa rangi ya zamani.

Basi leo tumekaa tunaangaliana nani aishushe, maji yanakaribia kona. Mama akainuka, akaishusha mwenyewe, akaiweka chini uso ukielekea ukutani. Akasema kitu kimoja tu ninachomkubalia yule mwanamke ni kwamba anajua kuanika shati: kola chini, pindo juu. Kisha akarudi kwenye wali wake. Tukacheka, tukadhani ni utani wa mtu anayeficha uchungu.

Jumatano, 13 Machi

Mvua bila huruma. Uzi mweupe umeisha.

Jumamosi, 16 Machi

Wifi ni karani wa mapokezi kwa daktari wa meno. Leo alifika na habari, na alipokuwa anavua viatu tayari nilijua ni ya kunituma mimi. Daktari wake amefungua vyumba vipya, anatafuta picha za kutundika ili wagonjwa wasikodolee macho koleo zake. Ameshanunua moja kwenye duka la picha, ya kuchapwa, ya zamani kama yetu, na wifi ndiye aliyeandika malipo. Alinitajia bei. Nikaacha kukanyaga cherehani.

Mume wangu alisema picha si yetu, ni ya Mama. Wifi akasema hata paa ni la Mama. Wakanigeukia. Katika familia hii, jambo likiwa gumu hupewa mkwe, halafu likiharibika wanakuwa na wa kumlaumu. Nimekataa. Nimewaambia siwezi kumwendea mjane nikamwambia auze kitu ambacho mumewe alikitundika kwa mikono yake.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemwendea.

Nilizunguka sana. Nilianzia kwenye mvua, nikapitia bei ya misumari, nikamsifia marehemu, nikataja daktari wa meno kama vile nimemkumbuka kwa bahati. Mama alikuwa anatoboa matundu ya vifungo. Hakuinua macho.

"Uzeni," alisema.

Nikamwambia hatuna haraka, afikirie kwanza, tunajua ana kumbukumbu zake.

"Mwanangu, nimesema uzeni. Unataka nikuimbie?"

Nimebaki na maneno mdomoni niliyoyapanga tangu juzi, hayana pa kwenda. Ni mwanamke wa ajabu. Nikajiambia anajikaza kwa ajili yetu, na machozi yalinilenga, nikaenda kuyamalizia jikoni kwenye vitunguu.

Alhamisi, 21 Machi

Leo nimekwenda duka la picha. Niliifunga picha kwa shuka na plastiki, nikaibeba kama mgonjwa. Mwenye duka ni mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, sauti ya chini. Nilidhani nitadharauliwa, maana viatu vyangu vilikuwa vimejaa tope, lakini yeye alitazama picha kabla ya kunitazama mimi, na hilo nililipenda.

Akaomba ruhusa kuitoa kwenye fremu. Nyuma, ukungu ulikuwa umeanza kutambaa. Alishusha pumzi, akasema ingechelewa miezi michache tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Karatasi yenyewe ilikuwa salama. Akaiegemeza kwenye mwanga, akavaa miwani, akaichunguza mpaka nikaanza kusoma bei za fremu ukutani.

Alinieleza vizuri. Picha hizi huchongwa kwanza kwenye ubao: panapoachwa ndipo panaposhika wino, panapochimbwa panabaki peupe. Kisha karatasi hulazwa juu na kukandamizwa. Kila rangi ina ubao wake, na ubao ukisogea kidogo kazi imeharibika. Yetu haikusogea popote. Chini pembeni kuna herufi mbili ndogo ambazo sisi tulidhani ni mikwaruzo. Ni alama ya mchongaji. Anamfahamu kwa kazi zake: alikuwa mwalimu wa kuchora, hakuchapa nyingi, na watu waliokuwa nazo wengi walizitupa.

"Hata hizi herufi," alisema, "alizichonga kinyume ili zitoke sawa. Ubao hugeuza kila kitu. Wengine hupindua mchoro kwanza. Huyu nadhani hakujisumbua, alichonga alichokiona."

Nikaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Nilikuwa nasubiri bei.

Akaitaja. Sikuiandika, maana wifi anapenda kuchungulia, ila naweza kusema hivi: ni mabati ya nusu paa, na misumari yake, na fundi wa kuyapigilia. Ule upande wa Mama wote. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema akiipata yeye atamwuzia mtu kwa zaidi kidogo, kwa hiyo nikimwuzia huyo mtu moja kwa moja nisikubali chini ya hapo. Nilipotaka kumlipa kwa kunieleza, akakataa, akaniuliza kama ninashona mito ya viti.

Fremu ameniambia niitupe. Picha amenilazia kwenye ubao mwepesi, akaonya iwekwe pakavu. Pakavu kwetu ni chumba kimoja tu.

Ijumaa, 22 Machi

Nyumba imechangamka kama ina posa. Mume wangu amepanda tena juu kupima, safari hii anaimba. Wifi amezungumza na daktari; atakuja mwenyewe kuiona Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe thelathini. Tumeacha kuhesabu kwa fedha. Tunahesabu kwa mabati: hii ni bati moja na nusu, ile ni robo bati. Wifi alimwambia kaka yake viatu anavyovitamani ni mabati mawili, akanywea.

Picha nimeisimamisha kwenye rafu ya vitambaa. Nilipotoka na kurudi, Mama alikuwa ameigeuza iangalie ukuta. Nadhani anaikinga na vumbi.

Jumapili, 24 Machi

Mvua. Nimeigeuza picha. Nimerudi, imegeuzwa.

Jumanne, 26 Machi

Leo nimejua kwamba miaka yote niliyoishi humu sikuelewa kitu.

Tulikuwa wawili tu tunapiga pindo mapazia. Nikamwambia Mama, kwa nia njema kabisa, kwamba kama inamuuma kuiona picha inaondoka bado tunaweza kumwambia daktari hapana. Akaning'ata kwa macho. Akakata uzi kwa meno, jambo ambalo mimi nimekatazwa kulifanya, ndipo akazungumza.

Zamani, kile chumba cha nyuma tunachowekea mafriji mabovu kilikuwa na mpangaji. Mwalimu wa kuchora, kijana mpole, asiye na makuu. Mama alimwita Bwana Vumbi, kwa sababu kila akifagia ua alikuta maranda ya mbao yametoka chini ya mlango wake. Alipohamishwa kazi alimwachia baba mkwe picha hii, zawadi ya kumshukuru. Walisimama pale uani wakacheka sana, wanaume wawili. Baba mkwe akaiingiza ndani, akaitundika mbele ya kiti chake.

"Tangu siku hiyo," Mama alisema, "nikimletea chai jioni, anaipokea, anashukuru, halafu macho yanakwenda ukutani. Nikimuuliza unatazama nini, ananiambia, huyu mwanamke ananipumzisha macho."

Nikaendelea kushikilia pazia.

"Chai yangu, mwanangu. Kiti nimekifuma mimi. Na macho anapumzishiwa na mwanamke mwingine."

Nilitaka kucheka na nikaogopa. Nikamwuliza kama aliwahi kumwambia kwamba linamkera. Alimwambia, mara nyingi. Baba mkwe alikuwa anacheka tu, anamwambia, mtazame vizuri. Kila wakinuniana, ni hilo hilo: mtazame vizuri. Mama akawa anamtazama vibaya makusudi. Baadaye akaacha kabisa kumtazama. Akajua yule ni mtu fulani wa kweli, waliyemjua wao wawili, mwalimu na mumewe, na ndiyo maana walicheka vile uani.

Basi kwa nini hakuishusha alipobaki peke yake? Akanitazama kama nimeuliza kwa nini sindano ina tundu.

"Aseme huko aliko kwamba niliionea wivu karatasi? Nilimwacha ukutani apigwe na vumbi."

Kwa hiyo hakuwahi kuipenda. Sisi tuliiacha pale kwa ajili yake, yeye aliiacha pale kumkomoa marehemu, na mpaka rangi akapata shida bure. Nilimpa pole. Nilimaanisha. Mtu kubeba wivu wake peke yake, bila hata mume wa kumgombeza, ni mzigo. Alinijibu pindo langu limekwenda upande.

Jumatano, 27 Machi

Mume wangu hakujua lolote kuhusu hayo. Anasema baba yake hakuwa mtu wa wanawake, alikuwa mtu wa bustani. Nikamwambia watoto ndio huwa wa mwisho kujua. Amenuna hadi chakula cha jioni.

Alhamisi, 28 Machi

Haya nataka kuyaandika leo leo.

Mchana mvua ilikatika na jua likatoka, jeupe, la kuumiza macho. Mama alitoka uani kuwahi kuanika, maana nguo zilikuwa zimeanza kunuka uvundo. Mimi nilibaki ndani. Nikaigeuza picha ili niipanguze vumbi kwa ajili ya daktari, nikaiacha imesimama kwenye rafu. Kisha nikavaa gauni la mteja mmoja ambaye kiuno chake ni sawa na changu, niangalie linavyoanguka. Nikasimama mbele ya kioo.

Nilikuwa natazama pindo. Nikainua macho kutazama mabega, na nyuma ya bega langu, ndani ya kioo, nikaona ua wetu.

Nilidhani ni dirisha. Kweli, niliigeukia rafu kama mtu aliyeitwa. Kwenye rafu ni ile picha tuliyoizoea, ua wa watu. Nikarudi kwenye kioo: ua wetu. Ngazi zimehamia kushoto, zilipo hasa. Bomba limekaa kulia, na pipa chini yake, ukutani ambapo hadi leo pana alama ya duara. Ule ukuta wa mwisho, ambao fundi aliujenga ukaenda upande na baba mkwe akakataa ubomolewe, umekwenda upande ule ule. Mti ni mpera uliokatwa kabla sijaolewa; kisiki chake ndicho tunachokalia tukimenya viazi. Jiko halikuwa limeongezwa bado. Kila kitu kilionekana kama kinavyoonekana ukisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma.

Mimi nafanya kazi ya kugeuza nguo ndani nje tangu usichana. Kila siku ya maisha yangu nashona upande wa nyuma ili upande wa mbele utoke sawa. Na yule mama wa duka alinieleza waziwazi kwamba ubao hugeuza kila kitu, nami nikawaza mabati.

Nikamtazama mwanamke. Kwenye karatasi ameinua mkono wa kulia. Kwenye kioo ameinua wa kushoto. Mashati yake yananing'inia kola chini. Na ule mkufu wa shanga haukuwa mkufu. Nilipousogelea niliona kila shanga ni ndefu, imegawanyika chini. Ni vibanio vya nguo. Alikuwa amevibana kwa mstari kwenye ukosi wa gauni lake, asiiname kila mara kuvichukua.

Nikachungulia dirishani. Mama mkwe alikuwa kambani, mkono wa kushoto juu, vibanio vimejipanga ukosini.

Nilimwita. Naogopa nilimwita kama nyumba inaungua, kwa sababu aliingia mbio na shati likidondosha maji. Nikamshika mabega nikamsimamisha mbele ya kioo. Aliuliza kama nimechanganyikiwa, na gauni hilo ni la nani. Nikamwambia asitazame gauni, atazame nyuma.

Alitazama. Kwanza hakuona. Kisha nikaona jicho lake linasafiri: ngazi, bomba, ukuta. Likafika kwenye paka.

"Huyo mwizi," alisema taratibu. "Huyo paka aliniibia samaki mzima."

Halafu akaona mkono. Nilijua kwa sababu mkono wake mwenyewe wa kushoto ulishuka, ukajificha ndani ya shati la maji.

"Si mimi," alisema. "Mimi sijawahi kuwa na kiuno hicho."

Nikamwambia avitazame vile vibanio. Akashusha kidevu akatazama vya kwake, akainua macho akatazama vya kioo. Alikaa chini, juu ya godoro lake, na lile shati likamlowesha mapaja wala hakujali. Nikakaa karibu naye. Ni yeye aliyesema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mdogo sana.

"Alikuwa ananiambia mtazame vizuri."

Akalia. Na mimi nililia, gauni la mteja na yote. Baadaye alianza kucheka kabla hajamaliza kulia, akampa marehemu majina ambayo sitayaandika hapa, mume gani anamwacha mkewe ajionee wivu yeye mwenyewe, wanaume wawili wanacheka uani kama wendawazimu. Kisha akauliza kwa nini hakumwambia tu. Nikasema labda alikuwa anasubiri agundue mwenyewe, akiutamani ule mshangao wake. Akasema basi alisubiri vibaya. Alisema hivyo huku anaipangusa karatasi pembeni kwa ncha ya kanga yake, polepole.

Mvua ilirudi ikazinyeshea nguo kambani. Hakuna aliyezikumbuka.

Ijumaa, 29 Machi

Wifi amekuja tukiwa tumejiandaa kwa vita, maana sasa picha huenda isiuzwe. Nilidhani atauliza paa litaezekwa kwa fedha gani, na kwamba atanipiga kijembe kwa kuigeuza biashara yake kuwa kilio. Mama akamsimamisha mbele ya kioo bila kumwambia lolote.

Wifi alitazama, akaweka mkoba chini. Akasema, "Huo mpera nilianguka kutoka kwenye tawi lile." Kisha akatoka uani, na alipokaa sana nikamfuata. Alikuwa amekaa kwenye kisiki, anapenga kamasi. Aliniambia baba yake alikuwa akimnyanyua juu ya mabega pale sebuleni amwoneshe picha, anamuuliza, huyu nani? Naye alikuwa anajibu, mama, kwa sababu watoto wadogo kila mwanamke humwita mama. Baba yake anampa peremende. Alikuwa amesahau kabisa.

Nimeandika mengi mabaya juu ya wifi katika shajara aliyoninunulia mwenyewe. Nayaacha, yalikuwa kweli wakati huo. Lakini leo tulikaa kwenye kisiki kimoja mpaka manyunyu yakaanza, na nisingependa kukaa na mtu mwingine.

Uamuzi tumemwachia Mama. Daktari anakuja kesho na hatujui atamwambia nini. Usiku paa limedondosha tena kwenye kitanda kitupu.

Jumamosi, 30 Machi

Daktari wa meno ni mtu mrefu, mwenye adabu, anavua kofia mlangoni. Alipoiona picha alifurahi waziwazi. Hajui kuficha, mnunuzi mbaya. Akataja bei yake. Ilikuwa juu kuliko ya duka, karibu mabati matatu zaidi. Mume wangu alimeza mate nikayasikia.

Mama alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu. Alimwuliza daktari kama anajua anamnunua nani. Daktari akasema hapana. Mama akamgeuza kwa mkono, yeye na urefu wake wote, akamwonesha kioo. Akaingiza vibanio ukosini kimoja kimoja, akanyanyua mkono wa kushoto, akasimama vile.

Daktari alitazama kioo, akamtazama Mama, akarudi kwenye kioo. Akasema, "Ni wewe, Mama."

"Sasa bei imepanda," Mama alisema.

Akamtajia. Si paa tu. Ni nyumba, na kisima, na labda kliniki yake yote pamoja na kiti kile cha kulalia. Daktari alicheka mpaka akafuta macho, akasema bei ni ya haki ila hana. Mama akamwambia aendelee kuweka akiba, ila ajue kila mwaka inaongezeka. Tukanywa chai. Mume wangu alionekana kama mtu aliyeona gari likimpita bila kusimama, lakini nilimwona pia akiitazama picha na kumtazama mama yake, na uso wake ukalegea.

Alipokuwa anaaga, daktari aliyagusa mapazia mezani, akauliza nani ameyashona. Vyumba vyake vipya vina madirisha matupu, na jua la mchana linawachoma wagonjwa wakiwa wameachama. Wifi akasema kwa haraka, kama karani, kwamba vipimo vya madirisha anavyo kwenye mkoba. Alivibeba tangu asubuhi. Nimeolewa katika familia ya watu hatari.

Jumanne, 2 Aprili

Mapazia. Mvua.

Jumatatu, 8 Aprili

Mapazia. Mama hajafumua hata moja. Nimemuuliza kama anaumwa.

Jumamosi, 20 Aprili

Mabati yamepanda juu. Si nusu paa, mapazia hayafiki huko. Ni pale juu ya kitanda na kipande cha sebule. Kwingine mume wangu amepaka lami, nyingine ameipaka kwenye suruali. Mvua kubwa ilipiga jioni, tukakaa wote chumbani kwa Mama kichwa juu, tunasubiri. Hakuna tone. Kwenye ukumbi lipo moja, tumeliwekea kikombe.

Mama amekataa kurudi kulala kule. Anasema chumba cha kushonea kina mwanga mzuri.

Jumatano, 24 Aprili

Mwenye duka la picha amepita kuchukua mito yake, nikamwonesha kioo. Alisimama muda mrefu, miwani mkononi. Alisema ameziona kazi zote za yule mwalimu alizoweza kuzipata, na hakuwahi kufikiria kwamba kila ua mle ndani ni ua wa mtu. Ametuletea fremu nyepesi, amekataa malipo. Nimemwongezea mto.

Jumapili, 12 Mei

Mvua zimekwisha, au zimechoka. Ua umekauka, kamba imejaa mashati kola chini.

Picha tumeitundika chumba cha mbele, uso kwa uso na kioo. Wateja wakijipima huiona nyuma ya mabega yao na kuuliza ni nani. Mama hujibu bila kusimamisha cherehani kwamba ni yeye, na kwamba haijapatikana bei.

Jioni hii alimwita mwanawe, akamwambia asukume kile kiti cha baba yake kutoka sebuleni, akakiweka kukikabili kioo. Mama akakaa, nikamletea chai. Aliipokea, akanishukuru, halafu macho yake yakaenda zao. Nikasimama na sinia pale, nikamuuliza anatazama nini.

"Huyu mwanamke," alisema, "ananipumzisha macho."

Nikamwachia birika karibu, nikarudi kwenye pindo langu.